Damu Iliyoandikwa kwa Jina la Owino

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaoniita babu kwa sababu ya mvi tu, kila tukitoka mazishini mnanijia na swali moja, mkilizungusha kama mtu anayeona haya kuomba chumvi. Mungu ana haki kweli? Mnaniuliza mimi kwa kuwa mmesikia nilifanya kazi ya udaktari. Sikuwa daktari. Nilikuwa mtoboa vidole. Watu waliniita Laktar, yaani daktari kwa Kijaluo, nikiwa mbele yao, na nikigeuka waliniita mnyonya damu. Majina yote mawili niliyaitikia.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru bado unanukia rangi mpya. Bonde la Lambwe lilikuwa na udongo mweusi mzuri, nyasi za kumfurahisha ng'ombe, na mbung'o. Kwa Kijaluo tunamwita maugo. Ukimwona ametua, mbawa zake amezipandanisha kama makasi yaliyofungwa. Ndivyo unavyomtofautisha na nzi wa kawaida. Anauma kama sindano iliyopashwa moto, na katika mate yake hubeba kidudu kinachomfanya mtu asinzie mchana, akeshe akizungukazunguka, aseme maneno yasiyo na kichwa wala mkia, kisha afe. Ugonjwa wa malale. Serikali ilipeleka huko kikosi chetu, watu wanane, hema mbili na lori moja. Mimi nilikuwa kijana wa Kisegi mwenye cheti cha shule ya msingi na mwandiko mzuri. Nilichukuliwa kwa ajili ya mwandiko. Kumbukeni hilo, maana mwandiko huo huo ndio ulionitia aibu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Chacha, Mkuria wa karibu na mpaka wa Tanzania, mtu mrefu aliyevaa kaptura mwaka mzima. Kaptura hiyo ilikuwa kifaa cha kazi. Alikaa penye kichaka, miguu wazi, kitambaa cheusi kimetandikwa mgongoni, akangoja aumwe. Mbung'o akitua, Chacha alimfunika kwa wavu mdogo upesi kuliko unavyoweza kupiga chafya. Alikuwa ameumwa mara nyingi kiasi kwamba alijua kwa kuumwa tu kama ni dume au jike, au ndivyo alivyotuambia.

"Kidole cha pete, mkono wa kushoto," alinifundisha. "Toboa pembeni, si kwenye nyama ya ncha, maana hapo ndipo mtu anashikia jembe, atakulaani wiki nzima. Tone la kwanza futa. La pili weka kwenye kioo. Kisha kausha, tia rangi, weka chini ya darubini. Angalia sehemu mia moja za kile kioo. Usiangalie tisini na tisa."

"Na nikikiona kidudu kwenye sehemu ya kwanza?"

"Basi Mungu amekuonea huruma, nenda ukanywe chai. Lakini usipokiona, mia moja."

Siku za kwanza watu walikimbia. Ilivuma kwamba damu tunawapelekea Wazungu wakaitie kwenye dawa ya meno. Siku moja sokoni Chacha alijitoboa kidole chake mbele ya umati, akalamba ile damu, akafikiri kidogo, akasema, "Chumvi haijatosha." Watu walicheka mpaka wakapanga mstari. Tangu hapo sijawahi kuona semina ya afya iliyoipita ile.

Lakini aliyetuletea watu kweli kweli alikuwa Pasta Yeremia. Kanisa lake, la udongo na bati, lilikuwa umbali wa kupiga kelele kutoka hema zetu. Alikuwa mtu mwenye sauti, tai moja, na majibu yote. Alituombea, akatutangazia kila Jumapili, na akawaambia waumini wake waziwazi kwamba atakayekataa kutobolewa anaficha kitu. Maana kwa Pasta Yeremia malale haikuwa ugonjwa wa mbung'o. Mbung'o alikuwa tarishi tu. Barua ilitoka juu.

Na barua ile aliweza kuisoma hata ikiwa imefungwa. Mtu akisinzia mchana, basi kuna alichokifanya usiku. Mikono ikitetemeka, imegusa cha watu. Akiweweseka, ulimi wake ulisengenya. Ng'ombe wa jirani akifa, hiyo ilikuwa adhabu. Ng'ombe wa pasta akifa, hilo lilikuwa jaribu. Nami, msinicheke, niliamini. Nilikuwa naimba besi kwenye kwaya yake. Mtu mwenye umri wa miaka ishirini anapenda sana dunia yenye mpango.

Chacha peke yake hakuenda kanisani. Nilipomwambia mahubiri ya pasta aliuliza, "Na wale ng'ombe wanaougua, nao husengenya?" Kisha akaendelea kufunga wavu wake.

Sasa niwaambie juu ya Mama Dorka.

Alikuwa kiongozi wa kwaya, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye sauti ambayo ikianza, sisi wa besi tulijua tumekuja kusindikiza tu. Mumewe alifanya kazi Kisumu, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Miaka tisa ya ndoa hawakuwa na mtoto, na mama mkwe alikuwa ameanza kumtafutia mwanawe mke mwingine bila hata kushusha sauti. Mwaka huo Dorka akashika mimba. Kanisa zima lilijiona lina mimba. Wanawake walimkataza kubeba maji, naye akaendelea kwenda mtoni kuwakatia kuni ajuza wawili waliokaa karibu naye, ambao hawakuwa na mtu. Huko mtoni ndiko kulikokuwa na kichaka kizito kuliko vyote.

Mimba ilipofika mwezi wa tano alianza kuumwa kichwa. Kisha akasinzia kwenye mazoezi ya kwaya, amesimama, mdomo wazi, katikati ya wimbo. Tulicheka. Kesho yake alikuja hemani akanyoosha kidole.

"Laktar, niangalie. Mwili wangu si wangu."

Nilitoboa, nikatia rangi, nikaketi kwenye darubini. Nikaangalia sehemu kumi. Ishirini. Thelathini. Hapo mawazo yangu yakaniambia: Wewe, unatafuta nini? Huyu ni Mama Dorka. Malale ni ya watu kama Owino. Huyu ni mimba inamchosha. Nje walikuwa wanapika ugali na samaki, harufu imeingia hemani. Nikaandika kwenye daftari, kwa ule mwandiko wangu mzuri: Safi.

Wiki tatu baadaye alianguka shambani. Walipomwinua alikuwa anamwita marehemu mama yake aje wapande karanga. Chacha hakuniuliza kitu. Alifungua sanduku la vioo, akatoa kile cha zamani chenye jina lake, akaketi. Nilisimama nyuma yake nikisikia akihesabu kwa Kikuria. Aliendelea muda mrefu sana. Kisha akasogeza kiti.

"Njoo uone."

Kidudu kilikuwa pale, kimejikunja kama uzi ulioanguka kwenye sakafu. Sehemu ya sitini na kitu. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Uliangalia ngapi?" Na mimi nikasema, "Mia." Ni uongo ambao nimeubeba kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu.

Lori lilimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Mimba ilitoka njiani, kabla hawajafika hata barabara kubwa. Yeye alipona. Dawa ya malale wakati ule ilikuwa na sumu ndani yake, ikipita kwenye mshipa kama pilipili, na wengine waliuawa na dawa badala ya ugonjwa. Yeye aliistahimili. Alirudi baada ya miezi miwili, amekonda kama ufito, akaja kanisani, akaenda mahali pake mbele ya kwaya.

Pasta Yeremia alimshika kiwiko kwa upole sana. Akamwambia, na mimi nilikuwa karibu, "Mama, keti nyuma kwanza. Jichunguze. Mungu hachukui tunda la miaka tisa bila sababu. Ukiikumbuka hiyo sababu, uje tuombe pamoja."

Dorka alimtazama. Akaenda akaketi nyuma, kwenye benchi la wageni. Mumewe hakuja mwisho wa mwezi ule, wala uliofuata. Nami niliimba besi. Sababu ya yule mtoto niliijua, ilikuwa imeketi kwenye safu ya pili ikiimba, lakini haikufungua mdomo ila kwa wimbo.

Nimemtaja Owino. Lazima mumjue. Owino alikuwa mpika chang'aa. Mtambo wake aliuficha kule kule mtoni, katikati ya kichaka, mahali ambapo hata askari wa chifu hawakuingia kwa kuogopa mbung'o. Alikaa humo mchana kutwa, kifua wazi, amelewa. Kwa hesabu ya pasta alistahili malale mara saba. Nilimtoboa kidole mara nne na kila mara nikaangalia mia moja kamili, kwa hamu. Hakuwa na hata kimoja. Pasta alisema Mungu anamvumilia ili atubu. Chacha alisema mbung'o hapendi moshi, na Owino haachi kuni zake zizime.

Basi Chacha akaenda kwao kwa tohara ya mwanawe, akaniachia darubini. Siku ya pili yake, saa nane mchana, watu wako kwenye kivuli cha nyumba zao, Pasta Yeremia akaingia hemani na kufunga mlango wa turubai. Alikuwa amekonda. Tai imelegea. Alinyoosha mkono wa kushoto bila kuambiwa na nikaona vidole vikicheza.

"Mwanangu, ni uchovu tu," alisema. "Lakini niangalie."

Nilifungua daftari. "Pasta Yeremia..."

"Ngoja." Alishika kalamu yangu. "Usiandike hivyo. Fikiria kondoo. Wataniuliza nimefanya nini, nami sijafanya kitu! Nimefunga, nimeomba. Kila Jumatano napanda pale kwenye kichaka cha kilimani, peke yangu, napiga magoti tangu asubuhi mpaka jioni, nikiwaombea wagonjwa hawa hawa."

Nikamtazama. "Kwenye kichaka, Pasta? Bila moshi?"

"Nisali na moshi kwani nachoma nyama?"

"Basi niandike nani?"

Alifikiri kidogo sana. Hilo ndilo lililoniumiza baadaye, kwamba alifikiri kidogo sana. "Andika Owino. Kwake haitamshangaza mtu."

Niliandika Owino. Niliogopa sauti yake, na niliona kwamba mtu niliyemwandikia Mama Dorka "Safi" sina uso wa kumkatalia mwingine uongo. Nilitoboa pembeni, nikafuta tone la kwanza. Kwenye sehemu ya tatu nilikuta vidudu vimejaa kama waumini wa Krismasi.

Nilimwambia aende hospitali kesho yake. Akasema kuna mkutano wa injili baada ya wiki mbili, wageni wanakuja mpaka kutoka Uriri, na hawezi kuuacha. Ataenda ukiisha, kimya kimya, kama mtu anayekwenda kumwona ndugu. Nikakubali. Lakini daftari halijui kukaa kimya. Ijumaa msimamizi wetu alikuja na lori, akasoma majina, akasema, "Huyu Owino yuko wapi?" Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Dereva na wasaidizi wawili wakaenda mtoni, wakamleta Owino amebebwa juujuu, anaimba.

"Nina malale?" aliniuliza akiwa juu ya lori.

Nilisema, "Damu ndivyo inavyosema."

"Mbona silali?"

"Utalala," dereva alimjibu.

Owino akafurahi. Alikuwa amesikia kwamba kule hospitali kuna vitanda vya springi na maziwa. Akatupungia mkono kama mbunge. Jumapili pasta alihubiri. Hakumtaja Owino kwa jina, ila alisema saa ya mwenye dhambi ikifika hata kichaka hakimfichi, na waumini wakaitikia amina wakitazamana. Alipokuwa anahubiri alishika mimbari kwa mikono yote miwili. Nilidhani watu watauona ule mtetemeko. Walidhani ni Roho.

Siku kumi na tano Owino alikuwa hospitali. Walimpima damu mara tatu wasione kitu, na kwa kuwa karatasi na kioo nilivyotuma vilisema kipo, wakaona pengine kimeshaingia kwenye ubongo. Kwa hiyo wakamlaza ubavu, wakamchoma sindano ya uti wa mgongo, wakavuta maji. Mara mbili. Nyinyi mnaolia mkichomwa chanjo, sindano ile ina urefu wa kiganja. Hakukuwa na kitu. Wakamrudisha.

Alirudi Jumapili asubuhi, amenenepa, amenyolewa, hajanywa kwa wiki mbili, na anatembea upande upande kama kaa. Hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja kanisani, akasimama katikati ya mlango. Ilikuwa ndiyo Jumapili ya ule mkutano. Wageni wa Uriri walikuwa wamejaa, wengine wamekaa madirishani. Kwaya ilikuwa inaimba, na Pasta Yeremia alikuwa kwenye kiti chake kikubwa mbele, macho yamefumba. Watu walidhani anaomba.

"Nataka kuuliza kitu kimoja," Owino alisema. Wimbo ukafa. Tulisema Kijaluo siku ile, naweka Kiswahili ili mwelewe nyinyi mliozaliwa Nairobi. "Nimechomwa mgongo mara mbili kwa ugonjwa ambao sina. Daktari mkubwa ameniambia damu iliyoandikwa jina langu ina vidudu vya kujaza kibuyu, na damu yangu haina hata kimoja. Ninauliza. Damu ile ni ya nani?"

Mzee mmoja wa kanisa akasimama. "Toka nje, mlevi wewe! Unaleta ugonjwa kwa watoto!"

"Sina ugonjwa, baba. Ndiyo ninachokwambia. Nina mgongo."

Watu wakaanza kucheka, wengine kupiga kelele. Katika kelele zote hizo Pasta Yeremia hakuamka. Kichwa kilikuwa kimeinama, mate yanamtoka kidogo kwenye tai. Kutoka benchi la nyuma kabisa Mama Dorka akasimama. Akapita katikati ya kanisa, polepole, maana alikuwa bado hana nguvu. Alipofika mbele akamwinua pasta kidevu, kama mtu anavyomwinua mtoto, akamtazama macho. Pasta akafumbua macho akamwita kwa jina la mtu mwingine. Akamwambia aende akafunge mbuzi.

Dorka akageuka.

"Huyu ana kile nilichokuwa nacho," alisema. "Kimefika mbali. Kimemshinda." Kisha akanitazama mimi, pale kwenye safu ya pili. "Laktar. Owino ameuliza swali."

Wajukuu, nimepigwa na radi mara moja, huko Gwassi, ikaua mbuzi wawili karibu nami. Sikuogopa kama nilivyoogopa kanisani siku ile. Nikasema, "Ni ya pasta. Mimi ndiye niliyeandika Owino."

Kuku alipita mlangoni, tukamsikia akikanyaga. Kisha yule mzee wa kanisa, aliyemfukuza Owino, akakunja uso, na niliona kabisa linalopita kichwani mwake. Alikuwa anaipitia ile orodha. Kusinzia mchana ni dhambi ya usiku. Kutetemeka mikono ni kugusa cha watu. Kuweweseka ni masengenyo. Akafungua mdomo taratibu.

"Sasa... pasta atakuwa amefanya nini?"

"Mmoja wenu ana kitanda?" Dorka aliuliza. "Dhambi mtaitafuta baadaye. Kwanza gari."

Wakatoa kitanda cha kamba nyumbani kwa pasta, wakamlaza na tai yake. Lori letu halikuwapo, na barabara ya kupatia gari ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Wazee wa kanisa walisitasita, unajua tena, ugonjwa ule hauambukizi kwa kugusana lakini aibu huambukiza. Wa kwanza kushika mguu wa kitanda alikuwa Owino, mgongo ule ule.

"Nisogezeeni," alisema. "Mimi ndiye ninayeijua hospitali. Nitamwonyesha kitanda kizuri, kile cha dirishani."

Njiani pasta alirudiwa na fahamu kidogo. Akamtambua Owino.

"Owino, walikuchoma kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, Pasta."

"Iliuma?"

"Sana. Lakini usijali, na wewe watakuchoma."

Nilipobaki peke yangu sikuwa na mahali pa kujificha. Chacha alirudi, akasikia habari, akaninyang'anya daftari, akanipa wavu na kaptura. Miezi mitatu nilikaa vichakani nikiumwa. Sikulalamika. Lakini bado kulikuwa na mtu ambaye sikuwa nimemwambia lolote, na kila nikipita karibu na boma lake miguu iliniongoza njia ya mbali. Siku moja nilijilazimisha. Nilimkuta Mama Dorka ameketi kwenye mkeka anachambua pamba.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Sehemu thelathini badala ya mia moja. Harufu ya samaki. Neno nililoliandika. Nikamwambia kwamba lau ningemaliza, labda yule mtoto angekuwa anatambaa pale kwenye mkeka.

Hakulia. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hakunisikia.

"Kwa nini uliacha?" aliuliza.

"Kwa sababu nilijua wewe ni mtu mwema."

Akaweka pamba chini. "Wewe hukuniangalia kwa sababu mimi ni mwema. Pasta hakuniangalia kwa sababu mimi ni mwovu. Mume wangu haji kuangalia kabisa. Hakuna hata mmoja wenu aliyefikiria tu kwamba mimi ni mtu na nimeumwa na mdudu?"

Akanionyesha gunia. "Keti basi, chambua. Kusimama hakumsaidii mtu."

Nilichambua pamba kwake kila Jumamosi mpaka msimu ulipokwisha. Hakuwahi kusema amenisamehe, nami sikuuliza. Mnapenda sana kuuliza kama mtu amekusamehe. Wakati mwingine unapewa gunia.

Pasta Yeremia alirudi baada ya miezi minne. Dawa ilimwacha hai lakini ilimwondolea ile sauti. Alitembea kwa fimbo, mguu mmoja unaburuta. Habari zilienea bonde zima kwamba atahubiri, na Jumapili ile kanisa lilijaa hata kuliko siku ya mkutano. Sijidanganyi kuhusu kilichowaleta. Walitaka kujua amefanya nini. Wengine walikuwa wamewekeana dau, mwanamke au sadaka.

Alipanda akashika mimbari.

"Nilikuwa hospitali," alisema. "Kushoto kwangu alilala mchungaji wa ng'ombe kutoka Ukuria ambaye hajawahi kuingia kanisani. Alipona kabla yangu. Kulia alilala mtoto wa miaka mitano. Alikufa siku ya Jumatano, saa ile ile ambayo mimi huwa naomba. Nikatafuta dhambi ya yule mtoto. Nilitafuta sana, ndugu zangu, ndiyo kazi yangu. Sikuipata. Nikatafuta yangu nikapata nyingi, lakini hakuna hata moja iliyotoshana na ugonjwa."

Akapumua.

"Nilisimama hapa nikawaambia najua kwa nini Mama Dorka alipoteza mtoto wake. Sikujua. Mmeniuliza kwa miaka mingi kwa nini Mungu anampiga huyu na kumwacha yule. Nilikuwa najibu. Leo nawaambia sijui. Bado namwomba. Bado napiga magoti, ingawa hili goti moja sasa linakataa. Lakini kwa nini, sijui."

Akaketi. Hayo ndiyo mahubiri yote. Dakika sita.

Kwanza hakuna aliyeelewa kwamba yamekwisha. Kisha minong'ono ikaanza. Yule mzee wa kanisa akasimama, akavaa kofia yake humo humo ndani, akasema kwa sauti, "Pasta asiyejua, tunamlisha kwa nini?" Akatoka, na familia yake nyuma yake. Wakafuata wengine, benchi baada ya benchi. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na mhubiri mpya aliyehamia juzi, anasalia chini ya turubai, na ilisemekana yeye anajua. Anajua hata kwa nini mvua imechelewa. Mpaka adhuhuri tulimsikia akiwaeleza, na wakiitikia amina kwa furaha ya watu waliorudishiwa kitu chao.

Tulibaki watu kumi na moja, tukimhesabu Owino, aliyekuwa amelala lakini kwa usingizi wake wa kawaida. Pasta alijikokota mpaka mlangoni kutupa mkono, kama ilivyokuwa desturi yake. Macho yalikuwa mekundu. Alipofika kwa Mama Dorka hakuweza kumtazama.

"Umeona, mama," alisema. "Kanisa limekwisha. Wamekuja kusikia neno, nami sikuwa na neno."

Dorka alikuwa bado ameushika mkono wake.

"Mimi nimelisikia," akamwambia. "Nina miaka kumi na miwili katika kanisa hili, na leo ni mara ya kwanza nimehubiriwa."

Kisha akatoka benchi la wageni, akapita mbele, akasimama mahali pake pa zamani, akatugeukia sisi wa besi. Tulikuwa wawili. Akatuanzishia wimbo.